Jina la Kuazima

Muuguzi alitoka wodini, akasimama mlangoni akaita, "Ndugu wa Zefania!" Mimi nikabaki nimekaa. Zefania mwenyewe alikuwa kando yangu kwenye benchi, mzima, kofia yake magotini. Aliyelazwa mle ndani ni mume wangu, Sadock. Muuguzi akaita mara ya pili, kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingine inayomngoja, na Zefania akanigusa bega. "Shemeji, twende. Ni sisi hao."

Ndivyo nilivyopewa taarifa ya msiba wangu. Yule binti alinipa pole kwa kufiwa na Mzee Zefania, akasema tukachukue karatasi dirishani. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba machozi yalikataa kutoka. Nikamgeukia shemeji yangu nikamwambia, "Hata kufa kwake mmemnyang'anya." Zefania si mtu wa kujibu, alivaa kofia yake akaenda dirishani.

Asiyetujua atashangaa. Sisi wa Mhezi, kijiji chetu cha huku mlimani, hatushangai, maana tunajua, na tulinyamaza miaka yote.

Sadock na Zefania ni ndugu wa tumbo moja, Sadock ndiye mkubwa. Baba yao aliwaachia shamba kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaushuka kwa kufikiri: mahindi, maharage, tangawizi kidogo na migomba. Halikutosha kulisha nyumba mbili. Kule chini tambarare kulikuwa na shamba la mkonge linalotafuta wakataji, na watu walikuja kutoka Kigoma, Singida na Njombe. Sadock akashuka, akaandikwa, akapewa namba ya kazi.

Tatizo likawa mlima. Mkonge hauna msimu, unakatwa mwaka mzima, na kibarua akikosekana siku chache nyapara anaifuta namba yake na kumpa mwingine. Watu wa Kigoma hilo halikuwasumbua. Kwao mbali, walihamia kambini na wake zao wakazaa hukohuko. Mpare hawezi kukaa chini wakati mvua inanyesha juu. Ikidondoka ya kwanza tu, miguu inamwasha. Tena sisi tuna ndiva, bwawa letu la kukinga maji ya kijito, linalofunguliwa kwa zamu kumwagilia mashamba. Zamu ikikupita imekupita. Na siku ya msaragambo, kijiji kizima kinapotoka kuzibua mfereji, nyumba isiyoleta mtu haipati maji.

Basi ndugu wakagawana. Sadock akipanda kulima, Zefania anashuka, anaingia kwenye namba ileile, na asubuhi nyapara akiita "Sadock" anaitika. Walifanana, na hata wasingefanana, nyapara alichotaka ni matita ya mkonge yatimie. Kwetu hatukuona kwamba ni uongo. Watu wanagawana ng'ombe, wanagawana maji. Kugawana namba ya kazi kulikuwa na ajabu gani? Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani ajira ni kama ndiva, mnafungua kwa zamu na shamba la kila mmoja linalowa. Hatukujua kwamba ajira ina kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zinamtambua mtu mmoja tu.

Wakaukata mkonge hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Karibu na mwisho walikuja watu wa mfuko wa pensheni, na kamera na mashine ya kuchukua alama za vidole. Wiki hiyo aliyekuwa chini ni Zefania, Sadock alikuwa huku juu anavuna maharage. Zefania angesema nini? Angesema siye, namba ingekufa na miaka yote ingekufa nayo. Akaweka vidole. Baadaye kikaja kitambulisho cha taifa, nacho kikatakiwa kifanane na taarifa za mfuko, kwa hiyo uso wa Zefania ukakaa juu ya jina la Sadock. Mume wangu hakupiga picha wala hakuweka kidole popote. "Sadock mmoja anatosha," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Wakastaafishwa, na pensheni ikaja moja, kwa jina moja. Mhezi wenye pensheni wanahesabika: mwalimu mkuu wa zamani, karani mmoja wa halmashauri, na bwana misitu. Hao ndio wanaoitwa wastaafu, na wakipita wanapewa kiti. Sisi wengine hatustaafu, tunachoka tu. Mkulima akizeeka anachofanyiwa ni kutafutiwa jembe jepesi. Nilisikia redioni kwamba Zanzibar mzee akifika sabini serikali inampa chochote hata kama hakuajiriwa kamwe. Nikamwambia Sadock tuhamie. Akasema kwenye boti atatapika.

Ilikuwa pensheni ndogo, lakini iliingia kila mwezi, na asiyejua thamani ya kitu kinachoingia kila mwezi hajawahi kuomba chumvi kwa jirani. Zefania alikuwa anashuka Same kwenye mashine ya benki, anapanda, na kabla hajafika kwake anapita kwangu na kuweka nusu mezani. Hajawahi kupunguza. Hata mwezi ule Agatha, mkewe, alipoanzishiwa sindano za kisukari, aliweka nusu kamili. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilimchukia.

Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, kifua kilimbana Sadock. Tulikodi gari kumteremsha hospitali. Njiani akanishika mkono.

"Mama Doris, wakiuliza jina, sema waandike Zefania."

"Kwa nini nidanganye?"

"Nikifa nikiwa Sadock, nyumba mbili zitalala njaa. Zefania ameishi kwa jina langu. Acha na mimi nife kwa lake."

Nikamwambia anyamaze, hapa hafi mtu. Nilipanga tukifika nitaje jina lake la ubatizo, wanifanye watakavyo. Lakini pale mapokezi alijitaja mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Pumzi ya kupanda ngazi hakuwa nayo, ya kusema "Zefania" alikuwa nayo. Nilimkasirikia, na nikawa bado nimemkasirikia alipofariki, na hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Tulimrudisha nyumbani. Karatasi ya hospitali iliandikwa Zefania, na kibali cha mazishi alichotoa mtendaji wetu wa kijiji, binti anayeitwa Honorata, kikafuata karatasi. Honorata anatujua tangu anabebwa mgongoni. Aliandika huku ameinamisha kichwa, akanipa pole, akaondoka haraka.

Kesho yake uwanja ulikuwa umejaa watu, wanawake jikoni na sufuria za makande, vijana mgombani wanachimba kaburi. Elinaza seremala akaja na msalaba aliouchonga, na kopo la rangi nyeusi. Akasimama mbele yangu.

"Mama Doris, niandike nini?"

Mzee Paschal, msemaji wa ukoo, akakohoa. "Labda tusubiri wanaume wakae kwanza."

"Wakae wapi?" nikamwuliza. "Aliyelala naye miaka yote ni mimi. Andika Sadock."

Elinaza hakuchovya brashi. Aliangalia upande wa jikoni, na mimi nikageuka, nikamwona Agatha anakuja taratibu na ile miguu yake iliyovimba. Aliniomba tuzungumze nyuma ya banda la kuku. Nikaenda, kwa sababu ni Agatha, tuliolewa nyumba moja tukalea watoto pamoja.

"Mama Doris," alisema, "kwa mdomo tumwite Sadock. Tumlilie Sadock. Nani atakataa? Lakini maandishi, mwenzangu. Siku hizi vijana wanapiga picha misibani, mchanga haujakauka tayari mko WhatsApp. Picha ikimfikia mtu mwenye kijicho, pensheni imekwisha."

"Nani mwenye kijicho?"

"Nani asiye nacho? Hapa wenye pensheni ni wangapi?"

Ilikuwa kweli. Wazee wenzetu walikuwa wanatutania, "Nyinyi wa serikalini," na utani ule ulikuwa na miiba.

"Kwa hiyo unatakaje?"

"Msalaba ukae bila jina. Au uandikwe 'Baba yetu mpendwa'. Inapendeza pia."

"Agatha, siku yangu ikifika nitazikwa pembeni yake. Wajukuu watauliza huyu ni nani, wataambiwa vitabu vya serikali vinasema ni Zefania. Mimi, Koleta, nimelala na Zefania milele na milele! Na wewe utalala wapi?"

Alicheka, maskini, hakuweza kujizuia. Kisha akashika ukuta wa banda akalia. "Sindano zangu, Mama Doris," alisema. "Sindano zangu."

Nilimsikia. Sikuwa kiziwi wala sikuwa jiwe. Lakini nilikuwa namfikiria mtu aliyekata mkonge mpaka mgongo ukapinda, asiye na picha, asiye na kitambulisho, ambaye dunia nzima haikuwa na kitu cha kuonyesha kwamba aliwahi kupita isipokuwa jina alilobatizwa nalo, na hilo nalo alikuwa ameliazimisha. Niliona akizikwa bila hilo nitakuwa nimemzika mbwa. Nikamwambia Agatha anisamehe, nikarudi uwanjani.

Zefania alikuwa ameshafika pale, mikono ina udongo, ametoka kusimamia wachimbaji. Mtu alikuwa amemweleza. Alimwangalia Elinaza akasema, "Andika jina la kaka. Shemeji ameshasema."

"Baba Ernest!" Agatha alimwita mumewe kutoka nyuma yangu.

"Ni lake," alijibu, akarudi mgombani.

Mchungaji alimzika Sadock kwa jina lake, na historia yake ikasomwa yote: kuzaliwa, kipaimara, ndoa, kazi ya mkonge, watoto. Honorata alisimama nyuma na kile kibali ndani ya mkoba wake, anaangalia viatu vyake. Nilisimama wima. Nilimsikia kila mtu akisema "Sadock" na kila mara nilihisi kama nimemrudishia kitu kidogo.

Kisha Mzee Paschal akasimama, kama ilivyo desturi kabla watu hawajatawanyika. "Ndugu waombolezaji. Yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, au mwenye kitu chake mkononi, aseme sasa, au atuone wanafamilia baadaye."

Huwa hakuna anayesema hapo. Jioni ndiyo anakuja mtu kimyakimya na panga aliloazima, au na habari ya mbuzi. Watu walishaanza kufunga kanga zao vizuri waondoke. Zefania akavua kofia, akapita katikati ya viti, akasimama karibu na lile tuta jipya.

"Mimi nina kitu cha marehemu," alisema.

Mzee Paschal akamshika mkono. "Zefania, mambo mengine tutaongea ndani."

"Umeuliza hadharani, acha nijibu hadharani." Akatoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani yake kulikuwa na kitambulisho cha taifa na kadi ya benki. "Kaka aliniazima jina lake. Nimefanya nalo kazi, nimestaafu nalo, nimekula nalo. Amekwenda, na leo tumemzika nalo. Nalirudisha kwa mwenye nyumba."

Akaniwekea leso mkononi. Kuna mama alianzisha pambio akakosa wa kumwitikia, akanyamaza. Agatha alikaa chini, palepale kwenye udongo, na wanawake wawili wakaenda kumshika. Mimi nilikuwa nimepata nilichokitaka, mbele ya watu wote, na nilitaka ardhi inimeze.

Siku ile ya kuanua matanga, watu walipokwisha kuondoka, niliichukua leso nikaenda kwa Zefania. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Nikakaa kwenye gogo bila kukaribishwa.

"Shemeji, hakuna aliyepeleka neno popote," nilimwambia. "Mtendaji amenyamaza. Mchungaji amenyamaza. Mwalimu mstaafu nimemuuliza mwenyewe, anasema siku ile upepo ulikuwa mkali hakusikia vizuri. Chukua vitu vyako."

"Si vyangu."

"Kidole ni chako! Picha ni yako! Mkonge uliukata wewe, nusu ya miaka yote ile. Huu si wizi, Zefania. Ukiacha ndiyo utakuwa umeibiwa."

Aliendelea kukwangua mpini. "Kaka alipokuwa hai, nilikuwa naazima," alisema. "Naweka kidole, najua aliyeniruhusu yuko nyumbani, nikipanda namkuta, nampa chake. Sasa niazime kwa nani?"

"Kwangu mimi mjane wake."

"Wewe ulisema lizikwe naye. Na ulisema vizuri, shemeji. Lilikuwa lake."

Kama angesema kwa kejeli ningempiga na huo mpini. Lakini hakukuwa na kejeli usoni pake, alimaanisha. Nikalia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Agatha alikuwa mlangoni anasikia yote. Alikwenda jikoni, akaniletea uji, tukanywa wote watatu.

Doris, mwanangu, anauza mboga Arusha, naye akizeeka hakuna mfuko unaomjua. Aliulizauliza huko mjini akanipigia simu: mjane ana haki yake, Mama, nenda ukafuatilie. Nikashuka Same, ofisini nikamkuta kijana mpole, akaniamkia, akanipa kiti. Akasema nilete cheti cha kifo cha Sadock. Cheti cha kifo hutokana na karatasi ya hospitali, na kwa karatasi hiyo Sadock hakufia hospitali. Aliyefia pale ni Zefania. Tena kijana alikuwa ameshafungua kompyuta, na kwenye kioo uso wa shemeji yangu ulikuwa unanitazama. "Ndiye huyu mzee?" aliuliza. Nikaona nikieleza ukweli Zefania atalala mahabusu. Nikasema nimesahau karatasi nyumbani, nikaaga.

Nikaona basi angalau nimtafutie msamaha wa matibabu ambao wazee hupewa, kwa jina lake halisi. Nikamfuata Honorata ofisini kwake.

"Shikamoo, Mama Doris."

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya shemeji yangu, Zefania. Mwandike kwenye wazee wa matibabu."

Akafunga mlango. "Mama, alikuwemo. Nimemkata. Kwa karatasi iliyoletwa kwangu, Zefania ni marehemu."

"Wewe umemwona asubuhi hii!"

"Nimemwona. Lakini nikimrudisha, nitaulizwa basi aliyekufa ni nani. Nikijibu hilo, nitaulizwa yule aliyekuwa anachukua pensheni ni nani." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Niambie nifanye nini, Mama, nitafanya."

Msalabani Sadock amekufa, hospitalini Zefania amekufa, na mtu mwenyewe asubuhi hiyo alikuwa amenipasulia kuni. Nilirudi nyumbani kwa njia ya juu, ili nisikutane na mtu wa kuniuliza habari za huko nitokako.

Tangazo la uhakiki wa wastaafu lilisomwa kanisani baada ya ibada: waende Same wakaweke kidole kuthibitisha kwamba wako hai. Mwalimu mkuu wa zamani alikwenda, karani alikwenda, bwana misitu alibebwa na mwanawe. Zefania alikuwa kiti cha mbele, alisikia kama wote. Siku hizo zikapita. Nilikwenda mara nyingine kumsihi, nikamletea leso, akaniambia niiweke kabatini isije ikaliwa na panya. Baadaye fedha zilikoma hata kuingia benki.

Agatha alianza kuruka sindano. Alidhani hatujui. Ernest, mwanawe, anaendesha bodaboda ya mtu, anatuma akipata. Kanisa lilichanga. Mimi nilipeleka mahindi, lakini mahindi siyo dawa, kwa mgonjwa yule ni kinyume cha dawa. Kuna watu walionong'ona juu yangu, kwamba mama yule kwa kiburi cha msalaba ameua nyumba mbili. Waliponisalimu niliitikia. Sikuwa na nguvu ya kugombana nao, na mimi kukosa nguvu ya kugombana si jambo la kawaida.

Asubuhi moja nilikwenda kwa Agatha, nikakuta kuni hazijapasuliwa.

"Ameshuka," alisema.

"Ameshuka wapi?"

"Ndungu. Kuamia ndege kwenye mpunga. Amesema hiyo kazi ya kukaa, hata mzee anaiweza." Alisema hivyo bila kunitazama.

Nilijifunga kanga, nikashuka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia mwanamume wa umri wako hakai juani kufukuza ndege wa watu. Nitamwambia nimekosa, kama hilo ndilo analosubiri. Nitamwambia nitang'oa ule msalaba kwa mikono yangu. Niliyapanga vizuri, kwa mfuatano, na nilipofika tambarare lile joto lilinipiga usoni nikayarudia tena nisiyasahau.

Ndungu mpunga ulikuwa umeanza kubeba. Nilimwuliza kijana mwenye baiskeli, akanielekeza kando ya mfereji mkubwa. Nikamwona kwa mbali, amekaa kwenye kichanja cha miti, juu kidogo ya mpunga. Kutoka pale zilitandazwa kamba kwenda kila upande wa jaruba, zimefungwa makopo. Kundi la kwelea likishuka anavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka na kwenda kutua upande ambao hauna kamba. Anapiga kelele, "Hoo! Hoo!" Sauti ilikuwa imekwisha kukauka. Kisha anakaa, anangoja, wanarudi.

Nilipanda kichanjani, tukakaa pamoja. Alinipa maji ya kwenye dumu. Nikatafuta lile neno la kwanza nililokuwa nimelipanga nikaona haliji. Mikono yake niliitazama, ilikuwa imepasuka kwa kamba, vidole vilevile ambavyo serikali ilikuwa imevichora na kuvitunza.

"Agatha amekula?" aliuliza.

"Amekula."

"Nikilipwa mwisho wa wiki, zitatosha za mwezi. Nimeshauliza bei."

Mwenye shamba akaja na baiskeli, Abdulrahmani, mtu wa makamo mwenye kofia ya kiua. Aliiegesha, akaniamkia kwa heshima. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu babu ni wenu? Anajituma kweli. Hata jina lake sijamwuliza, sisi tunamwita Babu tu." Akageuka akatazama lile jaruba la pili, ambako ndege walikuwa wametua wengi mpaka mpunga unainama. "Kule sina mtu kabisa. Na wewe bibi, umekuja kuamia?"

Zefania akanitazama, anangoja kusikia nitasemaje. Nilikuwa nimeshuka mlima mzima kumrudisha mtu nyumbani. Nikafikiri nyumbani kwenyewe, unga uliobaki, miguu ya Agatha, na mimi mwenyewe, ambaye hakuna aliyewahi kuniandika popote tangu nizaliwe. Nikamwambia Abdulrahmani ndiyo, nimekuja kuamia, anionyeshe kamba zake zilipo.